Nibaki kwenye hisabati, au nihamie uhandisi wa mawasiliano?

Swali: Shikamoo Dokta. Niko mwaka wa tatu, shahada ya kwanza ya hisabati hapa UDOM, na GPA yangu ni 4.1. Muhula uliopita tulisoma mfululizo wa Fourier, na tangu hapo sitaki kusoma kitu kingine. Nimesikia kuna watu wanaofanya kazi yao yote ya chuo kikuu katika uchanganuzi wa hamoniki na uchakataji wa ishara. Mjomba wangu, ambaye ndiye hunisaidia bumu (pesa ya mkopo wa chuo) lisipotosha, anasema hisabati mwisho wake ni chaki ya sekondari, na kama napenda ishara basi nikasome uzamili wa uhandisi wa mawasiliano. Mwanahisabati wa ishara hufanya nini hasa? Kazi yake inapandaje tangu mwanzo? Na inawezekana mtu akiwa Dodoma? Binti wa Ng'ong'ona.

Jibu: Marahaba, binti yangu. Baki kwenye hisabati, ila usibaki nayo peke yake. Tafuta ishara moja ya kweli, yenye uchafu wake na yenye mwenyewe anayeihitaji, ukae nayo muda mrefu huku ukiendelea kujifunza kuthibitisha mambo. Nimesimamia wanafunzi wenye thioremu nzuri ambao hawajawahi kugusa data, na wenye data nyingi ambao hawawezi kukuambia kwa nini jibu lao liaminike. Wote hukwama, kila mmoja mahali pake. Mjomba wako naye usimbishie sana mezani. Ana sehemu ya ukweli, nitamfikia.

Kazi yenyewe nitakueleza kwa kitu cha hapa hapa. Chukua zeze la Kigogo. Uzi ukisuguliwa kwa upinde hautetemi kwa masafa mamoja, yaani idadi moja tu ya mitetemo kwa sekunde. Unatetema kwa masafa ya msingi, na papo hapo kwa mara mbili yake, mara tatu, mara nne na kuendelea. Hizo ndizo hamoniki. Msingi ukiwa 100 Hz (mitetemo 100 kwa sekunde), hamoniki ya nne hadi ya tisa ni 400, 500, 600, 700, 800 na 900. Gerhard Kubik, mtafiti wa muziki kutoka Austria, alieleza kwamba ngazi ya sauti ya Wagogo inatoka hapo hapo, kwenye hamoniki ya nne mpaka ya tisa. Ndiyo maana ilimba, ala ya Kigogo yenye ndimi za chuma zinazopigwa kwa vidole, kama ile aliyopiga marehemu Hukwe Zawose, ukiiweka karibu na piano hazielewani kwenye ile sauti ya 700. Piano iliyoanzia 400 hiyo hiyo itakupa 713 hivi. Wapo wanaosikia hivyo wakasema ilimba imepotoka. Ilimba imefuata namba nzima, piano imefuata mgawanyo sawa wa oktavu katika sehemu 12. Kama kuna aliyepotoka, kwa hesabu hii ni piano.

Halafu kuna jambo ambalo hata wanamuziki wengi hawalijui. Uzi wa zeze hutoa hamoniki za namba nzima, lakini ulimi wa chuma wa ilimba, kwa kuwa umebanwa upande mmoja tu, haufanyi hivyo. Kwa ulimi wenye unene ule ule kotekote, mtetemo wake wa pili uko juu ya msingi kwa zaidi ya mara sita, na si namba nzima. Kwa hiyo ala imepangwa kwa hamoniki ambazo ulimi wenyewe hauna. Ongezea ule mvumo unaowekwa makusudi kwenye ala, ambao mhandisi mwenye haraka angeuita kelele na kuuchuja. Hapo una ishara ya kuchambua mwaka mzima, na haijatoka kwenye kitabu cha mazoezi cha mtu wa Ulaya.

Joseph Fourier alidai mwaka 1807, katika makala yake juu ya joto, kwamba karibu fanksheni yoyote inaweza kuandikwa kama jumla ya saini na kosaini, yaani mawimbi laini yanayojirudia bila mwisho. Wakati huo alikuwa Grenoble akiongoza jimbo la Isère kwa niaba ya Napoleon, kazi tunayoweza kuifananisha na ya mkuu wa mkoa. Hisabati aliifanya katikati ya barabara, mabwawa na kesi za wananchi. Mwanahisabati mkongwe Lagrange hakukubali, na hoja zake hazikuwa za kijinga, maana Fourier hakuwa ameonyesha lini jumla ile inafika inakotakiwa. Kitabu kikatoka 1822. Swali la lini mfululizo unafika na lini haufiki liliendelea kuwatafuna watu kwa karne moja na nusu. Ukiuliza mwanahisabati wa hamoniki hufanya nini, sehemu kubwa ya jibu iko hapo: anatafuta masharti. Ishara ivunjwe kwa vipande gani ili jambo la maana lionekane kwa vipande vichache? Na ni lini naweza kuirudisha nzima kutoka kwenye vipande hivyo bila kujidanganya? Mwenye mtambo hufurahi mtambo ukifanya kazi. Mwanahisabati hulipwa kusema utashindwa lini.

Mgeuzo wa Fourier, yaani kuivunja ishara kwa saini na kosaini, una upungufu mmoja mkubwa, na fani yako yote imejengwa juu ya upungufu huo. Unakuambia masafa gani yamo, haukuambii yametokea saa ngapi. Chukua mvua za Dodoma, msimu mmoja tu, kuanzia mwishoni mwa mwaka hadi Aprili hivi. Ukigeuza rekodi ya miaka mingi utaona kilele kirefu kwenye mzunguko wa mwaka mmoja. Hilo mkulima wa Bahi analijua bila wewe. Anachotaka kujua ni kama ule ukame wa katikati ya msimu, unaomuunguzia mtama, umebadilika tabia tangu zama za baba yake, na hilo limefichwa ndani ya vizigeu vyote (namba zinazosema kila wimbi limo kwa kiasi gani) kwa pamoja, huwezi kulichomoa kwa jicho. Tetemeko la ardhi ni vivyo hivyo. Sisi tuko kwenye tawi la mashariki la Bonde la Ufa, mitikisiko si migeni kwetu, na jambo la kwanza mtu wa matetemeko analotafuta ni sekunde ambayo wimbi la kwanza limefika. Saini haina sekunde. Saini imekuwepo tangu milele na itakuwepo milele.

Dennis Gabor alishughulikia hilo mwaka 1946 kwa kuikata ishara kwa dirisha linalosogea na kuchambua kila kipande. Dirisha lake lilikuwa na upana ule ule muda wote, na hapo ndipo inapoanza hadithi ninayotaka umsomee mjomba wako, kwa sababu ni hadithi ya ajira za watu.

Alberto Calderón alizaliwa Mendoza, Argentina, mwaka 1920. Alisomea uhandisi ujenzi Buenos Aires, akaajiriwa kwenye maabara ya jiofizikia ya kampuni ya mafuta ya serikali. Hisabati aliisoma pembeni. Mwaka 1948 Antoni Zygmund wa Chicago, mmoja wa mabingwa wakubwa wa mfululizo wa Fourier, akaja Buenos Aires kutoa mihadhara. Calderón akamuuliza kwa nini uthibitisho wake wa ubaoni haufanani na ule ulio kitabuni. Zygmund akashangaa, maana ubaoni alikuwa ametoa ule ule wa kitabuni. Kumbe kijana alikuwa amesoma tamko la thioremu tu, uthibitisho akautengeneza mwenyewe, akachukulia kwamba ndio uliomo. Mwaka 1950 alikuwa na uzamivu wa Chicago. Mwaka 1964 akaandika fomula ya kuvunja fanksheni kwa nakala za umbo moja lililovutwa na kubanwa, kisha kuijenga upya. Waliosoma fomula ile walikuwa wanahisabati wachache.

Miaka ya mwanzo ya 1980, Jean Morlet, mhandisi wa jiofizikia wa kampuni ya mafuta ya Ufaransa, Elf Aquitaine, alikuwa anapambana na mwangwi wa milipuko inayotumiwa kupekua miamba. Masafa ya juu katika mwangwi ule huja kwa mishtuko mifupi, masafa ya chini huja taratibu. Dirisha la Gabor lilikuwa refu mno kwa ya kwanza na fupi mno kwa ya pili. Morlet akaacha dirisha la upana mmoja, akachukua wimbi dogo na kulivuta kwa masafa ya chini, kulibana kwa masafa ya juu. Akamwendea Alex Grossmann, mwanafizikia wa Marseille, na makala yao ya 1984 ikaonyesha kwamba ishara inaweza kurudishwa yote kutoka kwenye vizigeu hivyo. Nakala ya kazi ile ilimfikia Yves Meyer alipokuwa amesimama kwenye foleni ya mashine ya kutoa nakala pale École Polytechnique. Akaitambua: ni fomula ya Calderón. Akapanda treni kwenda Marseille.

Tafakari hapo kidogo. Mtu aliyewahi kufanya kazi maabara ya mafuta Argentina aliandika fomula, na miaka ishirini baadaye mtu wa mafuta mwingine, Ufaransa, akaifikia upya bila habari yoyote ya yule wa kwanza. Aliyeona kwamba ni kitu kimoja ni mwanahisabati aliyekuwa amekaa miaka mingi na nadharia ambayo ungeweza kudhani haina kazi. Meyer huyu alikulia Tunis, na kabla ya uzamivu wake wa 1966 alifundisha sekondari ya kijeshi kwa miaka kadhaa, badala ya kwenda vitani Algeria. Mwaka 2017 akapewa Tuzo ya Abel, moja ya tuzo kubwa kabisa za hisabati. Kwa hiyo mjomba akisema mwisho wa hisabati ni chaki ya sekondari, mwambie kwa adabu kwamba kwa mwingine ilikuwa mwanzo.

Ingrid Daubechies naye hakuanza kama mwanahisabati. Ni Mbelgiji, amezaliwa 1954, uzamivu wake wa 1980 ni wa fizikia. Alikuwa amefanya kazi na Grossmann na Meyer, kisha akajenga viwimbi (mawimbi madogo kama lile la Morlet) vyenye urefu wenye kikomo ambavyo ni huru kabisa kimoja kwa kingine, na makala ikatoka 1988. Kiwimbi chake maarufu kina namba nne tu, na namba nne kompyuta inaweza kuzizungusha haraka. Kutoka kwenye familia hiyo ya mawazo vilitoka viwimbi vinavyotumika kuhifadhi alama za vidole za FBI, wapelelezi wa Marekani, na picha za mfumo wa JPEG 2000. Alipita maabara za Bell, akaenda Rutgers, halafu Princeton, ambako alikuwa mwanamke wa kwanza kuwa profesa kamili wa hisabati, na sasa yuko Duke. Kuanzia 2011 hadi 2014 aliongoza Umoja wa Kimataifa wa Hisabati, wa kwanza wa jinsia yake. Angalia mpangilio wa maisha yale: fizikia, maabara ya kampuni ya simu, idara ya hisabati. Hakuna aliyemwambia achague upande.

Sasa nikupe hisabati kidogo, ili ujue kama kazi hii ni yako kweli. Chukua bapa la kawaida, vipimo viwili. Ulifundishwa kwamba vekta mbili huru zinatosha kueleza nukta yoyote. Sasa weka tatu, zenye urefu wa 1, zilizoachana nyuzi 120: moja ielekee juu, mbili zielekee chini kulia na chini kushoto. Vekta ya tatu ni ya ziada, si ndiyo? Chukua x = (0, 2). Zidisha ndani kwa kila moja na utapata 2, −1 na −1. Jumla yake ni sifuri. Jaribu x nyingine yoyote: jumla ni sifuri daima. Sasa fikiria namba hizi tatu zimetumwa kwa simu kutoka Kondoa, na ya kwanza ikapotea njiani. Una −1 na −1. Iliyopotea lazima iwe 2. Tena, zikifika zote tatu na jumla isiwe sifuri, unajua kuna iliyoharibika hata kabla hujauliza ni ipi. Mraba wa vizigeu nao: 4 + 1 + 1 = 6, na mraba wa urefu wa x ni 4; uwiano ni 3/2, na utabaki 3/2 kwa kila x. Thibitisha hilo leo usiku. Ni nusu ukurasa.

Mfumo wa namna hiyo, wenye vipande zaidi ya vinavyohitajika lakini visivyopoteza kitu, huitwa fremu. Duffin na Schaeffer waliuleta mwaka 1952 wakiwa na swali la mifululizo ya Fourier isiyopangika, na ukalala mpaka Daubechies, Grossmann na Meyer walipouamsha mwaka 1986. Leo ni moja ya milango mizuri kwa mtu asiye na maabara, kwa sababu fremu za vipimo vichache unazifanya kwa karatasi na aljebra ya mstari, na bado zinagusa maswali mazito. Kuna tatizo ambalo Kadison na Singer walilitoa mwaka 1959, la nadharia ya aljebra za opereta, mbali kabisa na simu na picha. Watu wa fremu wakaonyesha kwamba kimsingi ni swali lao: fremu inaweza kugawanywa mafungu yenye tabia njema au haiwezi? Mwaka 2013 Marcus, Spielman na Srivastava wakalimaliza, nao walitoka upande wa sayansi ya kompyuta na nadharia ya grafu. Ukiona namna hiyo ya mambo kuungana inakusisimua, basi swali la mjomba limeshajibiwa. Ikikuchosha, usijilaumu, uhandisi una raha zake.

Na raha hizo nisizidharau. Simu yako ya 4G inapopokea data huchambua alama 14,000 hivi kila sekunde, na kila alama hupitia mgeuzo wa Fourier. Hilo linawezekana kwa sababu ya algorithimu ya Cooley na Tukey ya 1965: ishara ya nukta 1,024 kwa njia ya kawaida ingedai kuzidisha zaidi ya mara milioni moja, kwa njia yao ni kwa makumi ya maelfu au pungufu. (Gauss aliigundua mwanzoni mwa karne ya 19 akihesabu njia za asteroidi, akaiacha kwenye makabrasha. Gauss ana tabia hiyo.) Picha unazotuma WhatsApp zimebanwa kwa kosaini, kwa mgeuzo ambao Nasir Ahmed na wenzake wawili waliuchapisha 1974. Ahmed aliomba fedha za utafiti huo serikalini Marekani mwaka 1972 akanyimwa, mmoja wa watathmini akiona wazo ni rahisi mno. Majira yake ya kiangazi ya 1973 aliyatumia kulifanyia kazi bila ruzuku ile. Alikuwa mhandisi, na alichofanya ni hisabati tupu.

Kwa nini basi nakukataza kuhama? Sababu ya kwanza ni ya makaratasi. Bodi ya Usajili wa Wahandisi huangalia shahada ya kwanza ya uhandisi. Uzamili wa mawasiliano juu ya shahada ya hisabati utakupa maarifa, lakini usitegemee utakupa muhuri wa mhandisi, na mjomba wako nadhani anachokiwaza ni muhuri. Ya pili ni nzito zaidi. Vifaa vya uhandisi unaweza kujifunza ukiwa na miaka thelathini na tano, hata arobaini. Nimeona watu wakifanya hivyo vizuri. Nadharia ya vipimo, nafasi za Hilbert, uchanganuzi wa namba changamano, hayo ni nadra mtu kuyarudia akiwa na familia na vipindi vya kufundisha. Yasome sasa ukiwa na muda wa kukaza msuli. Wanafunzi wengi wanakimbilia programu ya kuchora viwimbi, wanapata picha nzuri yenye rangi nyekundu na bluu, na ukiwauliza kwa nini pembeni mwa picha kuna doa jekundu hawajui kwamba ni ncha ya data inayodanganya, si mvua. Doa la namna hiyo nimelikuta kwenye tasnifu likitolewa maelezo ya mabadiliko ya tabianchi.

Kuhusu ngazi za kazi nitakwenda haraka, maana mengi utayakuta kwenye matangazo ya Ajira Portal, tovuti ya ajira za serikali. Kwa kawaida Mkufunzi Msaidizi huhitaji GPA isiyopungua 3.8 ya shahada ya kwanza. Wewe unayo, usiilegeze mwaka huu wa mwisho, na supu (mtihani wa marudio) moja isiyo na sababu inaweza kukufungia mlango kwa 0.05. Mhadhiri Msaidizi huhitaji uzamili, na hapo GPA inayotajwa mara nyingi ni 4.0. Baada ya uzamivu unakuwa Mhadhiri, kisha Mhadhiri Mwandamizi, Profesa Mshiriki, Profesa. Kupanda kunapimwa kwa machapisho na ufundishaji, na hapa mwanahisabati ana mzigo wake: makala moja ya maana inaweza kumchukua miaka miwili kuiandika, na jarida zuri likakaa nayo mwaka mzima kabla ya kumjibu. Jirani yako wa idara nyingine atakuwa ametoa sita. Kishawishi kitakuja kwa barua pepe, jarida lenye jina refu linaloahidi kuchapisha ndani ya wiki mbili kwa dola mia kadhaa. Futa. Majarida mengi yenye heshima katika fani yetu yana njia ya kuchapisha bila mwandishi kulipa chochote, na kuweka makala arXiv, hazina ya makala mtandaoni, ni bure.

Na ukweli wa mjomba ni huu: nafasi za kuajiriwa kama mwanahisabati wa utafiti nchini ni chache, na ukiipata, miaka ya mwanzo utafundisha kalkulasi kwa ukumbi wa mamia ya wanafunzi wa kozi nyingine na kusahihisha mitihani yao. Utafiti utaufanya alfajiri au Jumamosi. Asiyependa kufundisha asije huku.

Uzamili unaweza kuufanya hapa, au Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, au Taasisi ya Nelson Mandela Arusha kama unapenda upande wa ukokotoaji. Lakini omba pia diploma ya uzamili ya hisabati ya ICTP, kituo cha kimataifa cha fizikia ya nadharia, Trieste, Italia. Kituo kile kilianzishwa 1964 na Abdus Salam, Mpakistani, kwa ajili ya watu wa nchi kama zetu, na ni mwaka mmoja wenye ufadhili utakaokuziba mapengo yote ya uchanganuzi. AIMS, taasisi ya Afrika ya sayansi za hisabati, iliyoanzia Muizenberg, Afrika Kusini, mwaka 2003 na kuenea nchi nyingine za Afrika, ni njia nyingine. Kwa uzamivu, mimi hupendelea mpango wa kugawa muda, miezi huku na miezi kwa msimamizi wa nje. Vyuo vya Afrika Mashariki vimezoea utaratibu huo tangu EAUMP, mtandao wa hisabati wa vyuo vya kanda hii, uanze mwaka 2002 kwa msaada wa programu ya sayansi ya Uppsala, Sweden. Faida yake ni kwamba hutarudi nyumbani mkono mtupu. Unarudi na mtu wa kumwandikia, na mwanahisabati asiye na mtu wa kumwandikia hunyauka.

Umeuliza kama inawezekana ukiwa Dodoma. Kwa nadharia, Dodoma haina tatizo lolote ambalo Lubumbashi au Mendoza hazina. Unahitaji intaneti na watu wawili wa kubishana nao. Kwa ishara, sisi tuna bahati ambayo wenzetu wengi hawana. Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini, GST, makao yake makuu yako hapa mjini, na kazi yao ni jiofizikia, shamba lile lile alilotoka Morlet. Mamlaka ya Hali ya Hewa ina rekodi za mvua. Kwenye vijiji vya Wagogo kuna wapigaji wa zeze na ilimba ambao watakubali kurekodiwa ukienda kwa heshima, ukapitia kwa mwenyekiti wa kijiji, na ukawarudishia rekodi yao. Kifaa cha kuchambulia ni lugha ya kompyuta ya Python yenye maktaba za NumPy, SciPy na PyWavelets, yote bure, na kompyuta mpakato ya kawaida inatosha. Simu nayo inatosha kurekodi, mradi uiambie ihifadhi sauti bila kuibana, maana ukitumia faili ya MP3 utakuwa unachambua maamuzi ya mtu aliyetengeneza MP3.

Kuomba data kuna utaratibu wake. Usiende ofisini mikono mitupu ukisema unataka data kwa ajili ya utafiti. Utaambiwa uandike barua, na barua itakaa. Nenda na swali la sentensi moja na mchoro mmoja uliotengeneza kwa data iliyo wazi, umwonyeshe afisa kitu ambacho yeye mwenyewe angependa kukijua. Na barua ya idara iwe mkononi tayari.

Mradi wako wa mwaka wa mwisho nashauri uwe huu: rekodi noti za ilimba moja, moja moja, kila noti mara kadhaa. Pima masafa ya msingi ya kila ulimi, uone yanakaribia kiasi gani ile ngazi ya 4 hadi 9. Kisha tazama mitetemo ya juu ya kila ulimi na muda inaochukua kufa, maana inakufa haraka kuliko msingi, na hapo Fourier mtupu atakushinda na utalazimika kuchagua dirisha. Sura ya nadharia iwe juu ya uchaguzi huo: ukibana muda, masafa yanatawanyika, na kuna kikomo usichoweza kukivuka. Thibitisha kikomo hicho kikamilifu, kwa mistari yako mwenyewe. Usichukue mradi wa kutambua matamshi kwa akili bandia, kila mtu anauchukua mwaka huu na hakuna atakayejifunza uchanganuzi ndani yake.

Ukishapata michoro miwili ya kuaminika, ndipo uandike kwa wasimamizi wa nje. Barua iwe fupi: wewe ni nani, umesoma makala gani ya mtu huyo na mahali gani hukuielewa, umefanya nini na ilimba. Ambatisha kurasa mbili, si tano. Wengi hawatajibu. Anayejibu kwa kukuuliza swali la kiufundi ndiye wa kumfuata, hata kama chuo chake hakina jina kubwa kuliko cha yule aliyekutumia pongezi tu.